K. R. Gouri Amma: Waziri aliyepigania ardhi ya wakulima wa Kerala

Tarehe 11 Aprili 1957, serikali mpya ya jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, ilikuwa na siku sita tu madarakani. Siku hiyo ilitoa amri ya dharura: mkulima aliyekodi shamba asifukuzwe, na aliyejenga kibanda kwenye ardhi ya mtu mwingine asibomolewe.

Waziri aliyesimamia amri hiyo alikuwa mwanamke wa miaka 37, mwanasheria, na mwanamke pekee katika baraza la mawaziri 11. Jina lake ni K. R. Gouri. Watu wa Kerala walimwita Gouri Amma. Kwa lugha yao ya Kimalayalam, "Amma" ni mama, nao huliweka baada ya jina la mwanamke wanayemheshimu.

Aliendelea kuwa kwenye siasa kwa zaidi ya miaka 60. Tunaeleza safari yake kwa sababu inaonyesha jinsi sheria ya ardhi inavyopatikana, na kwa nini huchukua muda mrefu.

Alitoka wapi?

Gouri alizaliwa tarehe 14 Julai 1919 katika kijiji cha Pattanakkad, eneo la Alappuzha, nchi ya minazi na mashamba ya mpunga. Familia yake ilikuwa na uwezo, lakini ilitoka katika jamii ya Ezhava, ambayo kwa mfumo wa matabaka wa India ilidharauliwa na watu wa tabaka la juu. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa jamii hiyo kusomea sheria.

Baada ya masomo alijiunga na chama cha Kikomunisti. Alikamatwa na kufungwa jela kwa ajili ya siasa. Mwaka 1952 alichaguliwa kuingia katika bunge la eneo lake, na akachaguliwa tena mwaka 1954. Jimbo la Kerala lilipoundwa Novemba 1956, alikuwa tayari mwanasiasa anayejulikana.

Tukumbuke kwamba India ni shirikisho. Kila jimbo lina bunge lake, mawaziri wake na waziri kiongozi wake. Mambo ya ardhi yako mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo waziri wa jimbo anaweza kubadilisha maisha ya mkulima hata kama hajawahi kukaa kwenye serikali kuu mjini Delhi.

Tatizo lilikuwa nini?

Ardhi nyingi ya Kerala ilikuwa ya wenye mashamba wachache walioitwa jenmi. Wakulima walikodi kutoka kwao na kulipa kodi, mara nyingi kwa sehemu ya mavuno. Mkulima angeweza kulima shamba lile lile alilolima baba yake na babu yake, na bado akaambiwa aondoke.

Chini yao walikuwa vibarua wasio na shamba kabisa. Hao waliruhusiwa kujenga kibanda pembeni mwa shamba la tajiri, wakamfanyia kazi. Ukigombana na tajiri, unapoteza kazi na makazi siku moja.

Gouri Amma alipewa wizara ya mapato, ambayo ndiyo iliyoshughulikia ardhi. Hatua ya kwanza ilikuwa ile amri ya Aprili 1957, nayo ilikuwa na maana yake. Wenye mashamba wakisikia sheria mpya inakuja, huwahi kuwafukuza wapangaji kabla haijapita. Kwa hiyo serikali ilifunga mlango huo kwanza, ndipo ikaanza kuandika sheria.

Miaka 13 ya mvutano

Muswada wa ardhi ulifikishwa bungeni Desemba 1957, ukapitishwa Juni 1959. Uliweka kikomo cha ardhi ambayo familia moja inaweza kumiliki, na ukawapa wapangaji njia ya kuwa wamiliki.

Wakati huo upinzani ulikuwa umepamba moto. Serikali ilikuwa pia na sheria mpya ya elimu iliyowagusa wamiliki wa shule binafsi. Makanisa, jumuiya ya watu wa tabaka la Nair, chama cha Congress na Muslim League waliungana kuandamana. Tarehe 31 Julai 1959 serikali kuu ya Jawaharlal Nehru iliiondoa serikali ya Kerala madarakani.

Serikali iliyofuata ilipitisha sheria hiyo baada ya kuirekebisha. Desemba 1961 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikatengua sehemu zake. Sheria nyingine ikatungwa mwaka 1963, lakini ilikuwa laini kuliko ile ya kwanza.

Mwaka 1967 Wakomunisti walirudi madarakani na Gouri Amma akarudi wizara ile ile. Alisimamia marekebisho makubwa, na bunge likayapitisha Oktoba 1969. Kabla hayajaanza kutumika, serikali ya muungano alimokuwa waziri ilivunjika. Marekebisho yalianza kutumika tarehe 1 Januari 1970, yeye akiwa nje ya serikali.

Sheria hiyo ilifuta upangaji wa mashamba. Wapangaji walipata haki ya kuwa wamiliki wa mashamba waliyolima. Mwenye kibanda kijijini alipata haki ya kununua kwa bei nafuu kiwanja alichoishi, hadi sehemu ya kumi ya eka, yaani takriban mita za mraba 400.

Gharama aliyolipa

Mwaka 1957 Gouri aliolewa na waziri mwenzake, T. V. Thomas. Mwaka 1964 chama chao kiligawanyika. Thomas alibaki chama cha zamani, Gouri akaenda chama kipya, CPI(M). Ndoa yao haikustahimili mgawanyiko huo, ingawa mwaka 1967 walijikuta tena wakiwa mawaziri katika serikali moja.

Pigo lingine lilikuja mwaka 1987. Katika kampeni, wafuasi wa muungano wa mrengo wa kushoto waliimba kwamba Gouri ndiye atakayeitawala Kerala. Muungano ulishinda. Chama kikamteua E. K. Nayanar kuwa waziri kiongozi, na Gouri Amma akapewa wizara ya viwanda. Hadi leo Kerala haijawahi kuongozwa na mwanamke.

Mwaka 1994 chama kilimfukuza uanachama. Alikuwa na miaka 74, umri ambao wengi wangeenda kupumzika. Yeye alianzisha chama chake, JSS, akaungana na Congress, wapinzani wake wa miaka mingi. Kuanzia 2001 hadi 2006 alikuwa waziri wa kilimo. Mwaka 2006 alishindwa katika jimbo la uchaguzi la Aroor alilokuwa amelishikilia kwa miongo mingi. Alifariki tarehe 11 Mei 2021, akiwa na miaka 101.

Sheria iliacha nini?

Sheria ya Kerala inasifiwa kuwa miongoni mwa zilizofanikiwa zaidi nchini India. Lakini haikumfikia kila mtu kwa usawa. Mashamba makubwa ya chai, kahawa na mpira hayakuwekewa kikomo. Waliokuwa wapangaji walipata mashamba, lakini vibarua, wengi wao wa jamii za Dalit, walipata kiwanja cha nyumba tu. Kibanda kikawa chao, shamba la kulima hawakupata.

Jamii za asili za milimani, Adivasi, nazo zilikuwa zimenyang'anywa ardhi. Sheria ya 1975 iliamuru zirudishiwe, lakini utekelezaji ulikwama. Katika miaka ya 1990 bunge la Kerala liliamua kulegeza sheria hiyo ili walioichukua ardhi wabaki nayo. Vyama vya pande zote mbili viliafikiana. Gouri Amma alisimama peke yake kupinga.

Kwa sisi tunaofuatilia habari za ardhi, safari yake ina funzo la wazi. Tangu amri ya kwanza hadi sheria kuanza kutumika ilipita karibu miaka 13, ikapitia maandamano, mahakama na serikali kadhaa. Katika miaka yote hiyo mkulima alihitaji kwanza kubaki pale alipo, kwa sababu mtu akishafukuzwa, sheria nzuri ikija humkuta hayupo shambani. Ndiyo maana Gouri Amma alianza na amri ya kuzuia kufukuzwa, siku ya sita.