Kompyuta ya Parokia Ikiugua: Tuisafishe au Tupakie Upya?



Katika kutembelea maparokia tumekuta zaidi ya mara moja kompyuta iliyofunikwa kitambaa kizuri na kuwekwa kando, huku katibu amerudia daftari lake. Ukiuliza, jibu ni moja: "Ina virusi." Mahali pengine kompyuta inafanya kazi vizuri, lakini orodha ya watoto wanaolipiwa ada haimo tena. Fundi aliitwa, akafuta kila kitu, akaweka Windows mpya, akalipwa ujira wake na kuondoka. Hakuna aliyemwambia kilichokuwa ndani, naye hakuuliza.

Makala hii inaeleza njia mbili za kuitibu kompyuta yenye virusi: kuisafisha, au kuifuta na kupakia mfumo endeshi upya. Hatutaki kila mwanakamati awe fundi. Tunataka kamati ijue imwagize fundi nini, kwa sababu uamuzi huu si wa fundi peke yake. Kompyuta ikiharibika inaweza kununuliwa nyingine. Kumbukumbu za ubatizo, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, na vielelezo vya matumizi ya fedha za mradi haviuzwi dukani.

VIRUSI HUINGIAJE?

Kwa lugha nyepesi, kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu kwa nia mbaya. Huingia kwa flashi iliyotoka kuchapishiwa barua dukani, kwa kiambatanisho cha barua pepe, au kwa programu ya wizi iliyopakuliwa kwenye intaneti. Vingine huharibu kazi, vingine huiba maneno ya siri, na vingine hufunga mafaili na kudai fedha ili yafunguliwe.

Wengi wetu tunakifahamu kile cha flashi: unaifungua na kukuta mafolda yote yamegeuka kuwa alama za njia ya mkato. Usikimbilie kuifomati. Mara nyingi kazi zako bado zimo, zimefichwa tu, na mtu mwenye ujuzi anaweza kuzifichua.

NJIA YA KWANZA: KUSAFISHA

Kusafisha ni kutumia programu ya kupambana na virusi ili itafute na kuondoa kilichoingia. Faida yake ni kwamba kazi zako, programu zako na printa yako hubaki kama zilivyokuwa. Kwa virusi vya kawaida vinavyojulikana, mara nyingi hii inatosha.

Lakini njia hii ina udhaifu wake. Mwishoni mwa mwaka 2008 kilienea kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoingia katika mamilioni ya kompyuta duniani kupitia mitandao ya ofisi na flashi. Kirusi hicho kilizuia kompyuta isifungue tovuti za watengenezaji wa programu za kupambana na virusi, na kilizima huduma ya kupokea marekebisho ya Windows. Mgonjwa alikuwa amefungiwa mlango wa hospitali.

Ndiyo maana ni bora kupima kompyuta wakati Windows yenyewe haijaamka. Windows 10 na Windows 11 zina programu ya ulinzi iitwayo Defender, na ndani yake upo upimaji wa namna hiyo: kompyuta hujizima, hujiwasha, na kukaguliwa kabla kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 15.

Vipo pia virusi kama Sality, kinachojulikana tangu mwaka 2003, ambavyo hujipachika ndani ya programu nyingine. Ukivitoa, programu zenyewe zinaweza kubaki zimeharibika. Tukumbuke pia kwamba programu ya kusafisha hukuonyesha ilichokiona. Haiwezi kukuonyesha ambacho haikukiona.

NJIA YA PILI: KUPAKIA UPYA

Njia ya pili ni ile ambayo mafundi huiita "kupiga Windows": diski inafutwa yote na mfumo endeshi unawekwa upya. Nguvu ya njia hii ni uhakika. Virusi vinavyoweza kuvumilia kufutwa kwa diski nzima vipo, lakini ni nadra sana.

Gharama yake ni kwamba kila kilichokuwa kwenye diski kinaondoka. Programu za hesabu zitawekwa tena, printa itaunganishwa tena, na kifurushi cha intaneti kitahitajika kwa ajili ya kupakua marekebisho. Na ikiwa hakuna nakala ya kazi zenu mahali pengine, hasara hiyo huenda isirudi kamwe.

Yapo mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, chanzo. Windows ya wizi inaweza kuja na virusi vyake, hasa katika vile vijiprogramu vya kuvunja leseni. Microsoft inaruhusu kupakua Windows kutoka kwenye tovuti yake bila malipo, ila leseni ni lazima. Kompyuta iliyokuwa na leseni halali ya Windows 10 au 11 kwa kawaida huitambua tena yenyewe baada ya kupakiwa upya.

Pili, namna ya kupakia. Windows 10 na 11 zina chaguo la kurudisha kompyuta katika hali ya mwanzo huku mafaili yako yakibaki. Ni msaada mzuri, lakini si sawa na kufuta diski nzima, maana faili lenye kirusi linaweza kubaki pamoja na mazuri.

Tatu, umri wa mfumo. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipakia mfumo wa zamani, unarudisha nyumba na matundu yake. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu moja la hatari. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi WannaCry kilipita katika tundu hilohilo kwenye kompyuta ambazo hazijarekebishwa, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta ya zamani isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kuwekewa mfumo wa bure kama Ubuntu, pamoja na LibreOffice kwa kuandika barua na hesabu.

KAMATI IAMUE VIPI?

Tunapendekeza maswali manne.

1. Je, nakala ya kazi zetu ipo, na imefunguka kwenye kompyuta nyingine? Kama jibu ni hapana, hakuna kufuta chochote kwanza.

2. Kompyuta hii inafanya kazi gani? Kama ndiyo inayotumika kuingia katika akaunti ya benki au barua pepe ya mradi, shaka ndogo inatosha kuchagua kupakia upya. Kama ni ya kuandikia matangazo ya Jumapili, kusafisha kunaweza kutosha.

3. Tumeshasafisha mara ngapi? Kirusi kikirudi baada ya kusafishwa, pakieni upya. Kagueni pia flashi zote za ofisi, maana mara nyingi huko ndiko kinakorudia.

4. Je, mafaili yamefungwa na tunadaiwa fedha? Hapa si kusafisha wala kupakia upya kutakakoyafungua. Tegemeo la kwanza ni nakala. Msilipe kwa haraka, wala msifute mafaili yaliyofungwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo, na ufunguo usiokuwepo leo unaweza kupatikana baadaye.

KABLA FUNDI HAJAGUSA

Chomoeni intaneti. Andikeni orodha ya vilivyomo: rejesta, hesabu, picha, barua pepe zilizohifadhiwa kwenye mashine, na kumbukumbu za programu ya hesabu, ambazo mara nyingi hukaa kwenye folda yake ya pekee. Nakilini kazi zenu tu, wala si programu, kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ipimwe virusi kabla ya kufunguliwa kwingine. Nyaraka za Word na Excel nazo zinaweza kubeba virusi, hivyo zisiachwe bila kupimwa.

Ikiwezekana, kazi ifanyike ofisini na katibu akiwepo. Kumbukumbu za waamini ni amana. Aidha, sheria inazilinda: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kompyuta yenye majina ya wagonjwa au watoto yatima haifai kulala kwenye kibanda cha fundi.

BAADA YA TIBA

Injili inatusimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, kisha akarudi na wenzake saba alipokuta nyumba safi lakini haina mwenyeji. Kompyuta iliyosafishwa na kuachwa bila ulinzi ni nyumba ya namna hiyo. Wekeni marekebisho yote, washeni ulinzi, na badilisheni maneno yote ya siri. Kama mnalazimika kuyabadilisha kabla ya tiba kukamilika, tumieni kompyuta nyingine iliyo safi, maana kirusi kingeyasoma hata hayo mapya.

Kisha uwepo utaratibu wa nakala: kila Ijumaa, nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine ihifadhiwe jengo jingine. Diski ya nakala ichomolewe ikimaliza kazi, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili hufunga hata ya diski iliyochomekwa. Mtu mmoja apewe wajibu huo kwa jina, na kamati imwulize taarifa katika kila kikao.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa kompyuta mlizotupatia. Tunaomba mambo mawili. Katika bajeti ya mradi, pamoja na kompyuta, tuweke diski ya nje na leseni halali, kwani gharama yake ni ndogo kuliko ya kutafuta upya risiti za mwaka mzima. Na mnapotoa kompyuta iliyokwisha kutumika, ifutwe yote na kupakiwa upya kabla haijasafirishwa. Hapo mtakuwa mmelinda siri zenu, nasi tutapokea mashine safi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari letu limo ndani ya kompyuta. Basi katika kikao kijacho cha kamati, kabla ya ajenda nyingine, mwenyekiti amwulize katibu swali moja: nakala yetu ya mwisho ilichukuliwa lini, na iko wapi?