Friji Haili Gesi

"Gesi imeisha, tujaze." Maneno haya husikika kila siku kwenye karakana za friji, Kariakoo hadi Kongowea, na mwenye friji hutoa fedha bila kuuliza. Anadhani gesi hiyo hutumika na kuisha kama ile ya kupikia. Haitumiki. Kompresa huisukuma, inageuka kimiminika huku ikitoa joto kwenye mabomba ya nyuma, kisha inavukiza ndani na kulibeba joto la chakula, na mzunguko unaanza upya. Mfumo ukiwa umefungwa sawasawa, gesi ya kiwandani hudumu hadi friji izeeke. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kutia upepo tairi lenye msumari.

Tundu hutafutwa kwanza kwa macho. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja mara nyingi pana doa la mafuta lililonasa vumbi: kwenye maungio yaliyochomelewa, kwenye nati za kiyoyozi, au pale bomba linaposuguana na bati. Kisha fundi hutia naitrojeni kavu hadi shinikizo alilopanga mtengenezaji, hupaka povu zito la sabuni kwa brashi, na kungoja. Tundu kubwa hujisema papo hapo. Dogo hutoa povu jeupe linalokua taratibu mno, na mwenye haraka hulipita. Ndiyo maana fundi makini huandika namba ya geji jioni, akaisoma tena asubuhi.

Wapo wanaotumia oksijeni kwa kuwa mtungi wake uko karibu, wa kuchomelea. Hilo linaua. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Tundu likishazibwa huja kazi ambayo wengi huiruka: kutoa hewa na unyevu wote kwa pampu ya ombwe. Hewa ya pwani yetu imejaa unyevu, na bomba likifunguliwa tu, unaingia. Tone dogo linatosha kuganda kwenye mdomo wa kapilari, lile bomba jembamba. Friji inapoza asubuhi, inakata mchana, barafu ikiyeyuka inapoza tena, na mwenyewe analaumu umeme. Baya zaidi, maji yakikutana na mafuta ya sintetiki ya friji zinazotumia gesi ya R-134a huzaa tindikali inayoshambulia mota.

Pampu huyatoa maji hayo kwa kuyachemsha bila moto. Shinikizo la kawaida la hewa ni mikroni 760,000. Likishushwa hadi 24,000 hivi, maji ya nyuzijoto 25 yanaanza kuchemka. Fundi hushuka hadi 500, hufunga vali, huzima pampu, na kuitazama geji. Namba ikipanda bila kukoma, bado panavuja. Ikipanda kidogo ikatulia, ndani bado mna maji. Ikisimama, sasa gesi iingie kwa mizani, gramu kwa gramu. Kuiwasha kompresa ya friji yenyewe ili ivute hewa hakufikishi hapo, na kupuliza gesi ndani ili ifukuze hewa kunaitupa gesi angani.

Na angani haipotei. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya gesi za jamii ya R-12 huharibu ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. R-134a na R-410A hazina klorini, lakini hunasa joto vibaya sana. Kilo moja ya R-410A, kiasi cha kiyoyozi cha chumba, hupasha dunia joto zaidi kuliko kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ni sawa na kuchoma lita 900 hivi za petroli, kwa kulegeza nati moja tu.

Ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016. Nyingi zinazoendelea zilitakiwa kusimamisha ongezeko la gesi hizo mwaka 2024, na kufikia 2045 zipunguze kwa asilimia 80. Lakini hesabu ya Kigali ni ya gesi inayotengenezwa na kuingizwa nchini. Ile ambayo tayari imo kwenye friji na viyoyozi vyetu imebaki mikononi mwa mafundi.

Friji nyingi mpya zina R-600a, gesi ya jamii moja na ile ya kupikia. Madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno, na gramu 50 hivi hutosha friji ya nyumbani. Ila inawaka. Kibandiko cha kompresa chenye alama ya moto kisomwe kabla ya kuwasha kichomeleo, na asiwepo wa kuichanganya na R-134a.

Pampu, geji ya mikroni na mashine ya kunyonya gesi ya zamani ni ghali kwa fundi wa mtaani. Mafundi wakinunua kwa kikundi wanaweza. Mteja naye akubali kulipia saa za kungoja, na adai risiti inayosema tundu lilikuwa wapi, ombwe lilifika mikroni ngapi, na imetiwa gesi gani, gramu ngapi.