Mgonjwa mgeni aulizwe, asikisiwe

Neno wakimbizi likitajwa hapa Taru, fikira za wengi hukimbilia Dadaab na Kakuma, mahali palipo mbali na nyika hii ya Waduruma. Husemwa kwamba hilo ni jambo la serikali na la Umoja wa Mataifa, na kwamba sisi wa Kwale tuna ukame wetu, tuna mabwawa yetu yaliyokauka na zahanati zetu zenye upungufu wa dawa, hivyo basi tusitwishwe mzigo wa watu wengine. Kauli hiyo ina mvuto wake. Hata hivyo, historia ya pwani hii ya kusini inaipinga. Kwale imepokea watu waliokimbia makwao zaidi ya mara moja katika umri wa wazee walio hai, na baada ya chifu na polisi, mtumishi wa umma ambaye mkimbizi hana budi kuonana naye ni muuguzi.

Swali ninaloliuliza ni hili: muuguzi huyo amefunzwa nini juu ya mtu anayemhudumia? Kupima joto la mwili anajua, kupima shinikizo la damu anajua, kufunga kidonda na kuzalisha anajua. Lakini je, anajua kumuuliza mgonjwa anauelewaje ugonjwa wake, anaogopa nini, na nani nyumbani kwao hushauriwa kabla ya mtu kupasuliwa? Nadhani hapo ndipo penye pengo, na pengo hilo laweza kuua.

Tuanze na Shimoni. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya wafuasi wa chama cha CUF huko Zanzibar yalivunjwa kwa risasi, na watu wasiopungua 30 wakauawa, wengi wao kisiwani Pemba. Siku zilizofuata, watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwa mashua wakaingia Shimoni. Ulimwengu ulishangaa, maana Tanzania ilizoea kupokea wakimbizi, si kuwatoa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo CCM na CUF zilitiliana saini muafaka, na wengi wa waliokimbia wakarejea makwao.

Yamkini msomaji atasema kwamba kwa watu hao hakukuwa na suala la mila hata kidogo. Kipemba na Kivumba ni lahaja za lugha moja. Dini ni moja. Wapo waliofikia kwa jamaa zao. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana mfano huu una faida kubwa. Mtu anayefanana nasi ndiye tunayemkisia upesi kuliko wote. Mwanamume aliyepigwa risasi na askari wa nchi yake haoni tofauti kubwa kati ya karatasi ya hospitali na karatasi ya polisi. Akiulizwa jina, kijiji na namna alivyoumia, kisha akaambiwa kwamba kuna fomu ya P3 inayotakiwa kujazwa kituoni, huenda akaondoka na jeraha lake. Muuguzi atakuwa ametimiza utaratibu wake barabara, na mgonjwa atakuwa amekimbia mara ya pili. Hofu ya mkimbizi nayo ni sehemu ya ugonjwa wake, na haionekani kwa kipimajoto.

Mfano wa pili ni wa Wamakonde, na huu ni mrefu zaidi. Wamakonde walianza kuja Kwale kutoka kaskazini mwa Msumbiji katika miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengine walifuata baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilivyoanza mwaka 1964. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuja kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Wamakonde wakabaki Makongeni na kwingineko bila kazi na bila karatasi. Watoto wao walizaliwa hapa, na wajukuu wao pia, lakini nchi haikuwatambua. Mwezi wa Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wasajiliwe, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho na kuhesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walioishi Kwale na Kilifi kwa miongo mingi walisubiri hadi mwaka 2023.

Fikiria basi mama wa Kimakonde wa kabla ya mwaka 2017 akiwa katika foleni ya hospitali. Neno la kwanza analosikia dirishani ni "Kitambulisho?" Hana. Bila kitambulisho hana kadi ya bima, na mtoto atakayezaliwa atapata taabu ya cheti. Kizazi cha bibi yake walikuwapo wanawake wenye nembo zilizochanjwa usoni na ndonya katika mdomo wa juu, mapambo ya heshima kwa Wamakonde wa zamani, ambayo kwa vijana wengi wa hapa yalikuwa kioja cha kutazamwa na kuchekwa. Mtu aliyekwisha kuchekwa barabarani huingia wodini akiwa amejiandaa kuchekwa tena. Hapo, hata muuguzi mwema asiyecheka anaanza kazi yake akiwa nyuma ya mstari.

Katiba yetu ya mwaka 2010 ililiona jambo hili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu hicho husema kila mtu, wala si kila raia. Walimu wa somo la uraia wangefanya vyema kuligonga neno hilo ubaoni mpaka likae.

Suala hili si la Kwale peke yake. Nchi ya Burma, inayoitwa Myanmar rasmi tangu mwaka 1989, ambako askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944 na 1945, imetoa wakimbizi kwa miongo mingi. Mwaka 2017 pekee Warohingya zaidi ya 700,000 waliingia Bangladesh. Wakaren na wengineo, waliokaa miaka mingi katika kambi za Thailand, walihamishiwa Marekani, na katika mji wa Utica, jimbo la New York, wamekuwa majirani wa Wabantu wa Somalia waliopitia Dadaab na Kakuma kwetu. Wauguzi wa miji kama huo walilazimika kujifunza mambo ambayo hayakuwa katika vitabu vyao.

Walijifunza, kwa mfano, kwamba Waburma wengi hawana jina la ukoo. Jina aghalabu hufuata siku ya juma aliyozaliwa mtu, na baba, mama na watoto wanaweza kuwa na majina yasiyohusiana kabisa, jambo linaloivuruga fomu yoyote yenye nafasi ya "jina la mwisho". Walijifunza kwamba kichwa ni sehemu yenye heshima kuu na miguu ndiyo ya chini, hivyo kumpapasa mtoto kichwani bila kuomba si upole machoni pa mama yake. Walijifunza pia kwamba mzazi hukaa ndani akijikinga na baridi kwa muda wa siku 45 hivi, akichagua vyakula vyake kwa uangalifu. Mama wa Kiswahili anayekandwa kwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga hadi arubaini yake itimie hatahitaji kufafanuliwa desturi hiyo. Angewekwa kitanda kimoja karibu na mzazi wa Kikaren, wangeelewana bila mkalimani.

Lakini lililo na uzito kuliko yote ni lile Waburma wanaloliita ana-de, yaani ile haya ya kumsumbua au kumkatalia mtu unayemheshimu. Mgonjwa anaulizwa, "Umeelewa namna ya kumeza dawa hizi?" naye anajibu ndiyo. Ndiyo hiyo haina maana kwamba ameelewa. Maana yake ni kwamba amemsikia muuguzi, anamheshimu, na hapendi kumpotezea wakati. Nani kati yetu hajaiona ndiyo ya namna hiyo Taru? Bibi wa Kiduruma anaambiwa kwa Kiswahili cha haraka, chenye Kiingereza ndani yake, ameze kidonge kimoja mara tatu. Anaitika, anaaga kwa adabu, na akifika nyumbani anamuuliza mjukuu. Muuguzi mwenye busara hatamuuliza kama ameelewa. Atamwambia, "Bibi, hebu nieleze utakavyozimeza ukifika nyumbani," na jibu litamwonyesha yote.

Hapa inafaa nitoe tahadhari. Wapo wanaodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kumkaririsha muuguzi orodha: Waburma hivi, Wasomali vile, Wamakonde hivi. Binafsi naihofia orodha. Mkaren Mkristo na Mrohingya Mwislamu wametoka nchi moja, na mmoja hatibiwi kwa desturi za mwenzake. Madeleine Leininger, muuguzi wa Kimarekani aliyesomea pia elimu ya tamaduni za watu, ndiye aliyeanzisha somo la uuguzi wa tamaduni mbalimbali na kulipigania tangu miaka ya 1960 na 1970. Alifanya kazi kubwa. Hata hivyo mimi naona aliyelenga shabaha ni Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand. Yeye alisema kwamba muuguzi aanze kwa kujichunguza mwenyewe, ajue kwamba naye ana mila, na kwamba ana mamlaka juu ya mtu aliyelala kitandani. Na anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa, si aliyehudumu. Baraza la wauguzi la nchi hiyo liliyaingiza mafunzo hayo katika masharti yake mwaka 1992, na yalizua kelele nyingi magazetini. Hilo silishangai. Watu wenye mamlaka hawapendi kupimwa na walio chini yao.

Tuchukue degedege, ugonjwa unaojulikana na kila mama wa pwani. Mtoto mwenye homa kali ya malaria anashikwa na mtukutiko, macho yanageuka. Wamijikenda wengi wanalihusisha jambo hilo na nyuni, ndege au pepo anayewapitia watoto, na katika sehemu nyingi za Waswahili imeaminiwa kwamba mtoto akidungwa sindano wakati huo atakufa. Imani hiyo haikuzuka bure. Watoto wengi waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa walidungwa sindano na kisha wakafa, na majirani wakaona. Sasa mama anafika amechelewa, mtoto ananuka moshi wa kufukizwa. Muuguzi anamfokea mbele ya watu, "Umemuua mtoto kwa ushirikina wako!" Mama huyo hatarudi tena na mtoto wa pili, na atawaeleza wenzake kisimani kwa nini. Muuguzi mwingine angesema, "Mama, umefanya vyema kuja. Hiyo degedege tunaijua, ina dawa. Sindano hii inamlenga mdudu wa malaria aliye ndani ya damu." Maneno hayo hayachukui muda mrefu kuliko matusi.

Sisemi kwamba kila mila ipigiwe magoti. Kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu cha mtoto mchanga huleta pepopunda, na muuguzi anayelinyamazia jambo hilo kwa jina la heshima amemsaliti mtoto. Lakini mama akiomba apewe kondo la nyuma akalizike nyumbani, kuna madhara gani likifungwa vizuri? Akitaka mama yake mzazi asimame kando yake, je? Mwanamke akiomba akaguliwe na mwanamke mwenzake, na mwanamke huyo yupo zamu? Mambo mengi tunayoyakatalia wagonjwa tunayakatalia kwa mazoea tu, si kwa sayansi.

Wauguzi nao wana hoja yao, na ni nzito. Muuguzi mmoja katika zahanati, foleni imefika nje chini ya mwarobaini, dawa zimekwisha, mshahara umechelewa. Kisha mwandishi wa gazeti aje amhubirie mila. Nakiri kwamba hakuna somo litakaloziba upungufu wa watu. Lakini upungufu huo ni sababu moja zaidi ya kulitafutia ufumbuzi suala la lugha, maana mgonjwa aliyeelezwa vibaya hurudi akiwa mahututi, na mahututi huchukua muda wa muuguzi mara kumi.

Katika lugha, kosa kubwa linalofanyika kila mahali wanapokwenda wakimbizi ni kumfanya mtoto awe mkalimani. Mtoto anajua lugha mpya kwa sababu anasoma shule, basi anaitwa atafsiri. Msichana wa darasa la sita anatakiwa amweleze baba yake kwamba mkojo wake una maradhi fulani, au amuulize mama yake mimba ngapi zimeharibika. Atatafsiri nini? Atatafsiri anachoweza kukitamka bila aibu, na kilichobaki kitamezwa. Walimu, mnawajua wanafunzi wa namna hiyo: ndio wanaokosa shule siku ya kliniki.

Tangu mwaka 2023 serikali imeandikisha wahudumu wa afya ya jamii kote nchini, watu waliochaguliwa vijijini mwao wenyewe na wanaojua milango ya majirani. Miongoni mwao wapo wasemao Chiduruma, Chidigo, Kikamba, Kimakonde na Kipemba. Chuo cha mafunzo ya utabibu kipo Msambweni, na wanafunzi wake wa uuguzi wanaweza kupelekwa kwa wahudumu hao juma moja au mawili, wakakae nao nyumbani kwa watu kabla ya kuvaa sare za wodini. Na hata kabla ya hapo, kila zahanati ya Kwale inaweza kuanza wiki hii kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani: lugha upande wa kushoto, na upande wa kulia jina la mtu mzima anayeijua, na namba yake ya simu.