Usiingie Peke Yako Kwenye Kikao cha Nidhamu

Barua ya mwajiri ya kumtaka mfanyakazi ajieleze huwa fupi: jina, tarehe, kosa linalodaiwa na muda wa kujibu. Kwa muuguzi wa Gitega au karani wa ghala la kahawa Muyinga, Burundi, mara nyingi huja kwa Kifaransa, hata kama mpokeaji huzungumza Kirundi na Kiswahili tu. Siku ya kikao anawakuta mkurugenzi, mkuu wa utumishi na mwandishi wa kumbukumbu wameshakaa. Yeye hana mtu, na kinachojadiliwa ni riziki ya wanawe.

Hapo ndipo mjumbe wa chama cha wafanyakazi, au sendika kama Warundi wengi wasemavyo, anapohitajika. Haendi kumtetea mwizi. Kazi yake ni kuuliza yale ambayo mtu mwenye hofu husahau kuuliza: ni kanuni ipi iliyovunjwa? Ushahidi uko wapi? Wengine waliofanya hivyo waliadhibiwaje? Huandika kila kinachosemwa, na mambo yakichacha huomba kikao kisimame kidogo. Mara nyingine humnong'oneza mwenzake kwamba kosa ni la kweli, heri aombe radhi.

Kisa kilichoipa umaarufu haki ya kuwa na mjumbe kikaoni kilitokea mwaka 1972 katika duka moja la Houston, Marekani. Leura Collins, mhudumu wa sehemu ya chakula, alishukiwa kuchukua kuku wa karibu dola 3 na kulipa dola 1. Aliomba mara kadhaa mjumbe wa chama aitwe, akakataliwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba alisema kweli: maboksi madogo yalikwisha, akatumia kubwa. Akiwa amechoka na kulia, akasema kitu pekee alichowahi kuchukua bila kulipa ni chakula cha mchana. Papo hapo akaanza kuhojiwa upya na kutakiwa kutia saini kwamba anadaiwa dola 160. Alikataa. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mfanyakazi mwenye chama ana haki ya kuwa na mjumbe wake katika mahojiano anayohofia yatamletea adhabu.

Lakini si lazima kwenda mbali hivyo. Ukivuka mpaka wa Kobero kutoka Muyinga unaingia Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Huko kanuni za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na zinamruhusu kusaidiwa na mjumbe wa chama au mfanyakazi mwenzake. Ana haki pia ya kuwahoji mashahidi wa mwajiri na kuleta wake. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri aeleze sababu za kumwachisha mtu kazi kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua. Sharti hilo la lugha lingemfaa sana mtu wa Muyinga.

Burundi nayo ina pa kushika. Iliridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uhuru wa kuunda vyama mwaka 1993, na ule namba 98 wa majadiliano ya pamoja mwaka 1997. Sheria yake mpya ya kazi ni ya Novemba 24, 2020. Wapo wakaguzi wa kazi, lipo shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSYBU, na Gitega kuna Mahakama ya Kazi. Ila mahakamani mtu hufika baada ya kufukuzwa, akiwa hana mshahara. Ulinzi unaomfaa zaidi ni ule unaokuja siku barua inapotoka. Kibarua wa msimu wa kahawa, asiye na mkataba wala chama, hata huo haupati.

Kwa hiyo, ewe mfanyakazi uliyepokea barua: ukitia saini, andika kwamba umeipokea tu, weka tarehe, na ubaki na nakala. Omba itafsiriwe kama huielewi. Mtafute mjumbe wako siku hiyohiyo. Nanyi viongozi wa vyama, chagueni na kufundisha wajumbe katika kila hospitali, shule na ghala la Gitega na Muyinga kabla barua nyingine haijaandikwa.