Madirisha ya ghorofani: ngazi na kitambaa, au mpini mrefu wa maji?

Mama mmoja wa hapa Malampaka alileta mjukuu kliniki kupima uzito. Tulipomaliza akatoa simu, akaniomba nimtazamie picha. Binti yake wa miaka 19 anafanya kazi za ndani Mwanza, na picha aliituma mwenyewe huku akicheka. Amesimama nje ya dirisha la ghorofa ya kwanza. Vidole vya miguu viko kwenye ukingo mwembamba wa zege, visigino vinaning'inia. Mkono mmoja umeshika nondo za dirisha, mwingine una kitambaa. Chini yake ni mwamba mtupu. Mama akaniuliza, "Nesi, hii ni sawa?"

Si sawa. Nilimwambia hivyo palepale, kisha nikagundua kwamba sikuwa na jibu la swali lake la pili: sasa asafisheje? Makala hii ni jibu hilo, na nimeiandika kwa ajili yako wewe mama au mlezi, iwe unaishi kwenye nyumba ya ghorofa, unafanya usafi kwenye nyumba ya wageni, au una mtoto aliyekwenda mjini kufanya kazi kwa watu. Ghorofa za hapa kwetu ni za kuhesabu. Lakini mabinti wengi wa Simiyu wanapanda gari kwenda Mwanza na Dar es Salaam, na kule ngazi inawasubiri. Mwanza kuna jambo la ziada: nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya mawe. Dirisha ambalo kwa mbele liko usawa wa kifua chako, kwa nyuma linaweza kuwa juu kuliko watu wawili waliosimamiana.

Njia tuliyoizoea

Ndoo, sabuni ya maji, kitambaa, gazeti la zamani la kukaushia, na kitu cha kupandia. Njia hii si mbaya kwa usafi. Inatumia maji kidogo, na anayenunua maji kwa dumu anajua maana yake. Tena mkono unasugua vizuri kinyesi cha ndege, matone ya rangi na utando wa buibui kwenye kona, kuliko kifaa chochote. Kama dirisha unalifikia ukiwa umesimama chini, endelea nayo.

Tatizo ni miguu iko wapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Kwa vifo vya ajali, kuanguka kunatanguliwa na ajali za barabarani tu. Wala si lazima iwe ghorofa ya tano. Mita mbili au tatu zinatosha kuvunja uti wa mgongo, hasa ukitua kwenye zege au jiwe.

Watu huanguka kwa namna zinazofanana. Amesafisha nusu ya kioo, imebaki kona moja, anaona uvivu kushuka na kusogeza ngazi, ananyoosha mkono. Uzito wake unatoka nje ya ngazi, na ngazi inateleza pembeni. Au amepanda na ndoo mkononi, kwa hiyo hana mkono wa kujishikia. Au amevaa kandambili zilizolowa. Au hana ngazi kabisa, ameweka stuli juu ya meza. Hili la stuli nimeliona mara nyingi kuliko yote, na kwa wajawazito pia. Tumbo likikua, mwili hupoteza ule ulinganifu uliouzoea, na kizunguzungu huja bila hodi. Ukiwa mjamzito, usipande. Mwachie mwingine, au kioo kibaki na vumbi mpaka ujifungue.

Kama kupanda hakuepukiki, basi ngazi iwe ngazi kweli, si mirunda miwili iliyopigiliwa vipande na misumari iliyoota kutu. Kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani. Ikisimama wima sana inaanguka nyuma, ikilala sana inateleza. Isimame mahali pagumu. Udongo wetu mweusi wa mbuga unadanganya: wakati wa mvua ngazi inazama upande mmoja, wakati wa kiangazi inaingia kwenye nyufa. Mtu mzima ashikilie chini, si mtoto. Na aliyepo juu ashike ngazi kwa mkono mmoja muda wote, afute kwa mwingine, ashuke kila anapotaka kusogea. Ni kazi ya polepole, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mpini mrefu wa maji

Njia ya pili ni mpini mrefu unaovutwa ukaongezeka, kama ule wa mafundi rangi, wenye brashi laini mwishoni. Mpira wa maji unapita kwenye mpini mpaka kwenye brashi. Unasimama chini, unasugua kioo juu, kisha unainua brashi kidogo na kuacha maji yasuuze. Hakuna kufuta. Kioo kinakauka chenyewe.

Uingereza ilitunga kanuni za kazi za mahali pa juu mwaka 2005, na msingi wake ni mwepisi: kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kupanda, ifanyike bila kupanda. Wasafisha madirisha wengi wa kule wakaacha ngazi wakashika mipini. Kampuni hutumia mipini ya nyuzi za kaboni, ambayo ni myepesi, na mirefu zaidi inafika ghorofa kadhaa.

Utajiuliza kioo kinakaukaje bila madoa. Siri iko kwenye maji. Yale madoa meupe yanayobaki kwenye kioo ni chumvi na chokaa iliyokuwa ndani ya maji. Maji yameruka hewani, chumvi imebaki. Ni kitu kilekile unachokiona chini ya sufuria unayochemshia maji ya kisima kila siku. Kwa hiyo kampuni hupitisha maji kwenye vichujio kadhaa, vya mwisho vikiwa vya kuondoa chumvi yote, mpaka kipimo kisome sifuri au karibu na sifuri. Maji hayo hayana cha kuacha kwenye kioo.

Mashine hizo ni ghali na sikushauri uziwazie. Ila maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la paa, yana chumvi kidogo sana. Ukisugua kwa brashi ya mpini mrefu na kusuuza kwa maji hayo, madoa yanapungua sana kuliko ukitumia ya kisima. Huhitaji hata mpira wa maji. Chovya brashi kwenye ndoo, sugua, chovya tena. Bega litalalamika, lakini uko chini.

Usichanganye dawa za usafi ukidhani kioo kitang'aa zaidi. Jik ikikutana na siki au dawa ya tindikali ya chooni hutoa gesi inayochoma mapafu. Tone la sabuni linatosha.

Kabla hujainua mpini, tazama waya

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu mpini mrefu unaondoa hatari moja na kuleta nyingine. Alumini inapitisha umeme. Nyuzi za kaboni pia zinapitisha, ingawa hazionekani kama chuma. Mti mkavu ukilowa nao unapitisha. Ngazi ya nondo ni hivyohivyo.

Zunguka nyumba kwanza, bila kitu mkononi. Tafuta waya unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye paa au ukuta. Tafuta pia nyaya kubwa zinazopita barabarani karibu na nyumba. Upande wenye waya ambao mpini wako, ukinyooka wote au ukianguka upande wowote, unaweza kuufikia, hauoshwi kwa mpini. Plastiki nyeusi iliyouzunguka waya si ya kuitegemea, jua la miaka linaipasua. Na kuzima swichi kubwa ya ndani hakukati umeme wa waya unaotoka kwenye nguzo. Kwa nyaya kubwa za barabarani si lazima hata mpini uguse, kusogea karibu kunatosha umeme kuruka.

Mtu akinaswa na mpini kwenye waya, usimshike. Najua mkono wako utataka kumvuta, hasa akiwa mwanao. Zuia watu wote wakae mbali, pigeni simu TANESCO wakate umeme, halafu ndipo muanze kumhudumia.

Hatari nyingine ni ndogo lakini zipo. Kuangalia juu muda mrefu kunaumiza shingo, kwa hiyo simama nyuma kidogo ya dirisha, si chini yake kabisa, na ubadilishe mikono. Ukirudi nyuma unaweza kujikwaa kwenye mpira wa maji. Na ndoo: mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kina cha kiganja tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujinyanyua. Ukimaliza, mwaga maji yote. Usiache ndoo wala dimbwi la kukaa wiki nzima, mbu wanazaliwa humo.

Yale yanayosafishwa kutoka ndani

Madirisha mengi ya alumini ya kusogeza yanasafishika sehemu kubwa ukiwa ndani. Sogeza kioo kimoja, futa cha pili kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mpini mfupi, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Usikae kwenye kizingiti ukatoa kiwiliwili nje. Kioo kisifunguliwe na kutolewa kwenye reli yake bila fundi, ni kizito na kikiponyoka kinakata.

Wavu wa mbu ufute kwa brashi laini iliyolowa. Kung'uta vumbi kavu ndani ya chumba anacholala mtoto mwenye pumu ni kumtafutia usiku mbaya. Ukiona tundu, lizibe siku hiyohiyo. Na dirisha la ghorofani lisilo na nondo likiwa wazi kwa ajili ya usafi, mtoto mdogo asiwepo chumbani. Ataburuta kiti, atapanda, na wavu hauwezi kuzuia uzito wake.

Mtu akianguka

Usimwinue. Usimkalishe. Jambo la kwanza ambalo majirani hufanya ni kumnyanyua na kumpa maji ya kunywa, na yote mawili yanaweza kumdhuru. Kama uti wa mgongo umevunjika, kumkunja kunaweza kukata mishipa ya fahamu. Mshikie kichwa kisigeuke, mfunike apate joto, tafuteni usafiri ambao atalala ubapa juu ya kitu kigumu, kama mlango au ubao. Bodaboda haifai.

Aliyetua kwa miguu akivunjika kisigino, mgongo wake uchunguzwe pia, kwani nguvu ileile hupanda juu. Apelekwe hospitali haraka kama alizimia hata kidogo, anatapika, kichwa kinazidi kuuma, damu au maji yanatoka sikioni au puani, miguu ina ganzi, hawezi kukojoa, au tumbo linauma. Msimkande kwa maji ya moto wala kumchua.

Mjamzito aliyeanguka apimwe siku hiyohiyo hata akisema yuko sawa. Kondo la nyuma linaweza kuachia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na damu ikabaki ndani, isionekane nje. Akipata maumivu ya tumbo, tumbo likawa gumu, damu ikatoka, au mtoto akapunguza kucheza, hiyo ni dharura. Piga 115 bila malipo, ni namba ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga.

Kumwambia bosi

Mtoto wako hawezi kusoma makala hii kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Anaweza kusema, "Mama, nje ya dirisha naogopa, naomba brashi yenye mpini mrefu." Akijibiwa vibaya, wewe mzazi piga simu. Umpigie kwa heshima, umsalimie vizuri, ueleze kwamba mpini ni wa bei ndogo kuliko matibabu ya mgongo. Kama ana umri chini ya miaka 18, sheria iko upande wako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Mtoto ya 2009 zinakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na aliye chini ya miaka 14 hatakiwi kuajiriwa kabisa.

Yule mama wa kliniki alipiga simu akiwa palepale kwenye benchi. Mwenye nyumba hakuwa ameiona ile picha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kwamba binti anatoka nje, yeye alidhani anafuta kwa ndani. Walinunua mpini wa fundi rangi na brashi laini. Dirisha la jikoni liko karibu na waya wa umeme, kwa hiyo hilo linafutwa kwa ndani tu, na upande wa nje unasubiri mvua.