Damu ya mzee iliyochuja

Kiswahili kina jina la rangi linalomshtua mgeni ukimfafanulia: damu ya mzee. Ni wekundu ulioiva hadi kuukaribia weusi, na sijui jina linalozifaa zaidi turubai ambazo Mark Rothko alikichorea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Humo hamna mtu, mti wala nyumba. Rothko, mzaliwa wa Dvinsk, mji ulioko Latvia ya leo, alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, kwenye turubai zenye kimo cha zaidi ya mita 2. Wengi hudhani ukubwa huo ni majivuno. Mwenyewe alieleza mwaka 1951 kwamba alitafuta ukaribu: picha ndogo unaitazama ukiwa nje yake, ila kubwa inakumeza. Ukiisogelea, kingo zinapotea machoni na inabaki rangi tupu, isiyo na kisa cha kukushughulisha. Huzuni inayokujia hapo umekuja nayo mwenyewe. Wapo waliolia mbele ya kazi zake, nami siwashangai.

Turubai tano zilitundikwa mwaka 1964 katika ukumbi wa kulia chakula wenye madirisha makubwa. (Nani huweka picha juani?) Rothko alikuwa ametumia Lithol Red, rangi isiyohimili mwanga, na kama khanga inayoanikwa kila siku, wekundu ukachuja. Mahali pengine damu ya mzee iligeuka samawati hafifu. Mwaka 1979 zikateremshwa na kufungiwa stoo.

Kuzipaka upya kungekuwa kuzika mkono wa Rothko chini ya mkono wa mwingine. Kwa hiyo mwaka 2014 wataalamu wa makumbusho ya Harvard walizimulika kwa projekta. Kila nukta ya mwanga ilipimwa ifidie rangi iliyopotea mahali pake, kwa kufuata picha zilizopigwa mwaka 1964 na turubai ya sita ambayo haikuwahi kutundikwa ukumbini. Wekundu ukarudi bila turubai kuguswa na brashi.

Kila alasiri, saa kumi, projekta zilizimwa, na damu ya mzee ikatoweka ukutani mbele ya waliokuwapo. Mimi ningefika saa kumi kasorobo, nikasimama karibu, nikangoja.