Sare ya Muuguzi Mwanafunzi na Kizuizi cha Barabarani

Ndugu wasikilizaji, askari wa jeshi na polisi,

Hakuna miongoni mwenu asiyejua maana ya ukaguzi wa sare. Kifungo kilichokatika, kiatu kisichopigwa rangi au nywele zilizopita kipimo humfikisha askari mbele ya sajini kabla ya chai ya asubuhi. Wanafunzi wa uuguzi na ukunga wanaojifunza kazi katika wodi za Tororo na Busia, pande zote mbili za mpaka, nao hukaguliwa hivyo hivyo. Wako wanaodhani kwamba ukaguzi huo ni umaridadi tu, au ni ukali wa walimu wasiowapenda vijana. Dhana hiyo si sahihi, na katika eneo hili la mpakani yaweza kugharimu maisha ya watu.

Hapana budi tuanze kwa kutofautisha. Sare ya askari hufanya kazi yake kwa kuonekana. Raia akiiona hupata amani, mhalifu akiiona husita, na mwenye kuivaa huibeba heshima ya nchi yake tangu atokapo kambini hadi arudipo. Sare ya muuguzi nayo humtambulisha mwenye kuivaa kwa mgonjwa, lakini ina kazi ya pili iliyo kinyume na ile ya sare yenu. Imewekwa ili ipokee uchafu wa wodini badala ya nguo za nyumbani, kisha ivuliwe na kufuliwa. Mwanafunzi atokaye zamu na kupanda bodaboda hadi sokoni akiwa na sare yake ameivunja kazi hiyo ya pili, hata kama nguo yenyewe imepigwa pasi na inang'aa.

Watu wa Masaba hawana haja ya kutafuta mifano ya mbali. Mwezi wa Januari 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na ambaye alikuwa ameingia katika pango la Kitum katika mlima huu ambao ramani huuita Elgon, alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg. Dokta Shem Musoke, aliyemhudumia, aliambukizwa, ingawa kwa bahati alipona. Mwezi wa Oktoba 2017 ugonjwa huo huo ulitangazwa wilayani Kween, upande wa Uganda wa mlima huo. Watu watatu wa familia moja walikufa. Mmoja wao alikuwa dada aliyemuuguza kaka yake, na mwingine alikuwa amevuka mpaka kuingia Kenya kabla ya kufa.

Tarehe 30 Januari 2025 Serikali ya Uganda ilitangaza kuzuka kwa Ebola ya aina ya Sudan. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye kabla ya kufa alikuwa ametafuta matibabu mahali kadhaa, Mbale ikiwa mojawapo. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 26 Aprili mwaka huo, wagonjwa 14 walikuwa wamehesabiwa, na 4 kati yao walikuwa wamefariki. Kutoka Mbale hadi Tororo, na kutoka Tororo hadi Malaba na Busia, ni safari fupi ya gari.

Wanafunzi nao wamo katika historia hiyo. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, wanafunzi wa uuguzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufa katika hospitali ya Lacor. Vifo hivyo ndivyo vilivyomfanya Dokta Matthew Lukwiya aitwe kutoka Kampala, alikokuwa masomoni. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja alikimbia kumsaidia muuguzi aliyekuwa akivuja damu, naye daktari amevaa barakoa, joho na glavu, lakini hakuvaa miwani ya kukinga macho. Askari anaelewa somo hilo bila maelezo marefu: vazi la kinga lililopungukiwa kitu kimoja limeacha mlango wazi.

Sasa tuzitazame kanuni zenyewe, kwani kila moja ina sababu yake. Mikono ya sare ikome juu ya kiwiko. Uingereza iliiweka kanuni hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 2007, kwa sababu mkono mrefu wa nguo, saa ya mkononi, bangili na pete huzuia maji na sabuni visifike kwenye ngozi. Ndiyo sababu muuguzi huibandika saa yake kifuani. Anaihitaji kuhesabia mapigo ya moyo, lakini haipasi kukaa mahali panapooshwa.

Kucha ziwe fupi, bila rangi, wala zisiwe za bandia. Katika hospitali moja ya mji wa Oklahoma City, Marekani, watoto wachanga 16 walifariki kati ya mwaka 1997 na 1998 baada ya kupata viini vya aina moja katika wodi yao. Wachunguzi walivihusisha viini hivyo na mikono ya wauguzi wawili, wakaeleza kwamba kucha ndefu na kucha za bandia huenda zilichangia.

Nywele zifungwe nyuma au zifunikwe, na ushungi uchomekwe ndani ya vazi, ili visiangukie kidonda wala chombo kilichochemshwa. Viatu vifunike vidole, kwa kuwa sindano iangukayo haichagui mahali pa kuchoma. Manukato makali yaachwe nyumbani, maana mwenye pumu aliyelazwa hana pa kukimbilia. Jina na cheo cha mwanafunzi viandikwe kifuani, ili mgonjwa ajue kwamba anayemhudumia bado anajifunza, na apate kumwita kwa jina.

Juu ya kanuni zote hizo iko ile ya kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 nyakati tano za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi isiyotaka viini, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kwa sabuni na maji kazi hiyo huchukua sekunde 40 hadi 60. Ni kweli kwamba wataalamu hawajapata ushahidi wa yakini kwamba nguo ya kazi peke yake hueneza magonjwa mitaani. Mkono ndio mchukuzi mkuu. Hata hivyo viini vimeonekana kwenye nguo za wauguzi, na mwongozo ule wa Uingereza ulieleza kwamba kufua kwa maji ya digrii 60 kwa dakika 10 huondoa karibu vyote. Kwa tahadhari ndogo hivyo, hakuna sababu ya kubahatisha.

Ndugu wasikilizaji, huenda mkauliza haya yote yanawahusu nini. Yanawahusu sana, kwani barabara iko mikononi mwenu. Fikirini juu ya mwanafunzi wa kike amalizaye zamu saa mbili usiku. Akiivua sare, kama impasavyo, atakutana na kizuizi akiwa amevaa nguo za kawaida, na huenda akahojiwa kwa muda mrefu kama mtu asiyejulikana alikotoka. Akibaki nayo, askari atamtambua upesi na kumruhusu apite. Basi kwa njia hiyo kizuizi chaweza kumfundisha kijana kuivunja kanuni aliyofundishwa na mwalimu wake. Dawa yake ni nyepesi. Askari akubali kitambulisho cha chuo, akisome kwa tochi, amuulize wodi aliyotoka, na asimcheleweshe. Wakuu wa vituo nao wakubaliane na hospitali zilizo karibu juu ya saa za kubadilishana zamu.

Vyuo na hospitali zina wajibu wao vilevile. Haifai kumwadhibu mwanafunzi kwa kuvaa sare njiani ikiwa hospitali haina chumba cha kubadilishia nguo, au ikiwa mzazi wake ameweza kumnunulia sare moja tu, ambayo lazima aifue usiku na kuivaa mbichi asubuhi. Amri isiyoandaliwa njia ya kutekelezwa, kama mjuavyo jeshini, huwafunza walio chini kudanganya.

Mwisho, askari aendaye hospitali kumtazama mwenzake mgonjwa asikalie kitanda, wala asikasirike akiambiwa na msichana wa miaka 19 anawe mikono kwanza. Wodini msichana huyo ndiye aliye zamu, na askari ni mgeni katika lindo lake. Cheo cha bega hakizuii viini. Anayeitii sauti hiyo anamlinda mwenzake aliyelala pale, na analinda pia kambi atakayoirudia jioni hiyo, wanamolala watu wengi chini ya paa moja.